Zawadi ya redio ya nyimbo: mnunulie mzazi ile atakayoiwasha mwenyewe

Krismasi moja iliyopita mwenzetu mmoja wa hapa gazetini alipanda Hiace kwenda kumsalimia mama yake. Mama huyo anakaa kijijini, kwenye miteremko ya Mlima Meru juu ya Tengeru. Mwenzetu alikuwa amebeba zawadi aliyoinunua mjini Arusha. Ilikuwa mashine ndogo ya nyimbo, nyembamba kama kiberiti, yenye kioo cha rangi na waya za kuvaa masikioni. Mwenye duka alimwambia, "Chukua hii bosi, ndiyo orijino yenyewe, nyimbo elfu mbili ndani."

Mama alishukuru sana. Alimbariki mwanawe, wakanywa chai, wakaagana.

Pasaka mwenzetu akarudi, akauliza, "Mama, ile redio inaimba?" Mama akajibu, "Ni nzuri sana mwanangu. Nimeitunza." Akafungua kabati, akatoa kitambaa cheupe. Ndani yake mashine ilikuwa mpya kama siku ile ile. Kumbe tangu Krismasi haikuwashwa hata mara moja! Vitufe vilikuwa vidogo kama punje za mtama. Maandishi ya kwenye kioo yalikuwa Kiingereza, tena madogo mno. Mama alijaribu siku ya kwanza, akashindwa, akaona aibu kumwita mtoto wa jirani kila jioni. Akanyamaza ili asimvunje moyo mwanawe.

Mama yule si mjinga. Alisoma kisomo miaka ya 1970, na mpaka leo anasoma Biblia yake na kitabu cha nyimbo. Mwaka 1973 aliketi na kikundi chake kusikiliza vipindi vya "Mtu ni Afya", kama walivyofanya wananchi karibu milioni 2 nchi nzima. Redio anaijua. Aliyekosea ni mnunuzi. Alichagua kitu kilichompendeza yeye, akasahau nani atakitumia.

Kosa hilo tunalifanya wengi. Kwa hiyo katika makala hii tutaeleza jinsi ya kuchagua mashine ya nyimbo ya kumpa mtu zawadi, hasa mzazi au bibi aliyeko kijijini.

MASHINE HIZI NI KITU GANI?

Zamani nyimbo zilikaa kwenye santuri, baadaye kwenye kaseti. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoleta kaseti ndogo mwaka 1963. Sisi wa Arusha jina hilo si geni kwetu, maana miaka ya 1970 redio za Philips ziliunganishwa hapa hapa mjini kwetu, kiwandani.

Siku hizi nyimbo hazihitaji utepe. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hizo huhifadhiwa kwenye kadi ndogo inayolingana na ukucha wa kidole. Njia inayotumika sana inaitwa MP3. Njia hii huacha zile sauti ambazo sikio la mtu halizitambui, hivyo wimbo hupungua ukubwa na kadi moja hubeba nyimbo nyingi.

Mashine ya kwanza ya kutembea nayo ya namna hii iliuzwa mwaka 1998. Ilitoka Korea ya Kusini na iliitwa MPMan. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPod, ikapata sifa dunia nzima. Mwaka 2022 Apple ilitangaza kwamba haitengenezi tena iPod. Kwa nini? Kwa sababu simu za mkononi zimechukua kazi hiyo.

Basi ukiingia madukani leo utaona aina tatu.

Ya kwanza ni mashine ndogo ya masikioni, kama ile ya mwenzetu. Inamfaa kijana anayesafiri au anayesoma. Ina kioo na vitufe vidogo.

Ya pili ni spika ya bluutuzi. Sauti yake ni kubwa, lakini nyingi hutegemea simu yenye nyimbo iwe karibu. Mzazi asiye na simu ya namna hiyo itamsumbua.

Ya tatu ni redio yenye tundu la kadi na tundu la fleshi. Wengi tunaiita redio ya memori. Inashika stesheni kama redio ya kawaida, na ukichomeka kadi inapiga nyimbo. Kwa mzazi wa kijijini, aina hii ndiyo inayofaa mara nyingi zaidi. Lakini redio hizi nazo hazifanani. Nzuri zipo na mbovu zipo.

ANZA NA MTU, DUKA LIJE BAADAYE

Kabla hujatoa hela, kaa chini ujiulize habari za mtu mwenyewe. Yafuatayo ni mambo matano ya kufikiria.

1. Macho na vidole. Je, anaona vizuri? Vidole vyake vimekakamaa kwa jembe au kwa baridi yabisi? Mtu wa namna hiyo anahitaji kitu cha kuzungusha, siyo kitufe cha kubonyeza mara mbili, mara tatu. Redio nzuri kwa mzee ina gurudumu la sauti ambalo likizungushwa linatoa mlio wa "ta!" na kuwasha. Likirudishwa linazima. Mzee aliyezoea redio za zamani analijua gurudumu hilo tangu ujana wake.

Tahadhari na redio ambazo kitufe kimoja kina kazi tatu: ukibonyeza kidogo wimbo unaruka, ukishikilia sauti inapanda, ukibonyeza mara mbili inahamia kwenye stesheni. Fundi wa dukani anakuonyesha haraka haraka, wewe unaitikia "ndiyo, ndiyo". Je, mama ataikumbuka hiyo saa mbili usiku, taa imefifia?

2. Masikio. Mtu mzima akianza kupoteza usikivu, mara nyingi hupotewa kwanza na sauti nyembamba. Maneno yanamfikia kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Kwa hiyo usitafute mdundo mkubwa tu. Weka stesheni ya mtu anayesoma habari, kisha rudi nyuma hatua tano. Unayasikia maneno yote? Kama unasikia "du-du-du" tu, redio hiyo ni ya vijana.

3. Moto wa kuchajia. Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi vya Meru, lakini nguzo ikipita njiani haina maana kwamba waya umeingia nyumbani. Uliza kweli: mama anachajia wapi simu yake? Kama anapeleka dukani, redio nayo itafuata njia hiyo hiyo. Zipo redio zenye kioo kidogo cha sola mgongoni. Ni msaada, ila usizitegemee peke yake. Kioo chenye ukubwa wa kiganja hukusanya moto kidogo, na sote tunajua Meru ilivyo mwezi wa Juni na wa Julai: ukungu unalala kwenye migomba hadi mchana. Iliyo bora kwa asiye na umeme ni ile inayokubali njia mbili, yaani chaja na pia betri za kawaida zinazouzwa kwenye duka la kijiji. Hivyo moto wa chaja ukiisha, mzee hakosi habari.

4. Mahali anapokaa. Jambo hili wengi hatulifikirii. Stesheni nyingi tunazosikiliza siku hizi ziko kwenye FM, na mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya meta 4,500. Kama mnara wa stesheni uko upande wa mjini na mzee anakaa upande wa pili kama kule Ngarenanyuki, mlima unasimama katikati kama ukuta. Redio iliyolia vizuri dukani Arusha inaweza kukoroma tu ikifika kule. Hali kadhalika nyumba iliyo ndani ya bonde la mto.

Ufanyeje? Uliza jirani za mzee wanapata stesheni zipi. Chagua redio yenye antena ndefu ya kuvuta, siyo ile isiyo na antena. Na kama FM haifiki vizuri, ndipo kadi ya nyimbo inapokuwa na thamani zaidi, maana kadi haizuiwi na mlima.

5. Anapenda nini? Hili tutalieleza mbele kidogo.

UKIFIKA DUKANI

Umekwisha jua unamnunulia nani. Sasa nenda dukani mchana, usiende saa ya kufunga duka. Usiwe na haraka ya kuwahi gari. Fanya hivi:

Washa mwenyewe. Mwambie muuzaji aache, usaidiwe ukishindwa tu. Kisha fumba macho na ujaribu tena kwa kupapasa. Kama wewe kijana umeshindwa ukiwa umefumba macho, bibi ataweza?

Zima, halafu uwashe tena. Je, imeendelea na wimbo ule ule, au imerudi wimbo wa kwanza? Redio isiyokumbuka ilipoishia inachosha. Mzee atasikia wimbo wa kwanza mwaka mzima.

Fungua mgongo uone betri. Kama betri imegandishwa ndani, siku itakapokufa redio nayo imekufa, au itataka fundi wa kuchomelea. Tafuta ambayo betri yake inatoka kwa mkono. Redio nyingi ndogo hutumia betri iliyoandikwa BL-5C. Ni betri ile ile ya simu nyingi ndogo za Nokia, na mafundi simu wengi wanayo. Hiyo ni faida kubwa.

Tazama tundu la chaji. Je, linafanana na la chaja ya simu iliyopo nyumbani kwa mzee? Chaja ya aina ya peke yake ikipotea, kazi imekwisha.

Kuwa mwangalifu na kadi. Kadi za bandia zipo duniani kote. Kadi inaandikwa 64 kwa nje, kumbe ndani inabeba 8 tu. Ukiijaza, nyimbo za mwisho hazilii au zinakatika. Dawa yake ni hii: ijaze mpaka mwisho, kisha sikiliza nyimbo za mwisho. Dawa nyingine ni kununua kadi ndogo, maana huhitaji kubwa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Dakika moja ya wimbo wa MP3 wa kawaida huchukua nafasi ya karibu MB 1. Wimbo wa dakika 4 ni karibu MB 4. Kadi ya GB 8 ina karibu MB 8,000. Gawanya 8,000 kwa 4, unapata nyimbo 2,000. Nyimbo 2,000 za dakika 4 ni dakika 8,000, yaani zaidi ya saa 133. Ni zaidi ya siku tano mchana na usiku bila kulala! Nani atasikiliza zote hizo? Kadi ya GB 4 au 8 inatosha kabisa.

Mwisho, dai risiti. Muulize muuzaji kwa uwazi: "Ikikataa ndani ya wiki hii, utanibadilishia?" Asiyetaka kutoa risiti wala ahadi, mwachie redio yake. Wanaouza kwa kupitisha mkononi stendi wana bei nzuri, lakini kesho utamtafuta wapi?

NYIMBO ZA KUWEKA

Hapa ndipo zawadi inapopata uhai. Mwenzetu alipopeleka ile mashine ya kwanza, nyimbo elfu mbili zilizokuwa ndani hakuzichagua yeye. Zilikuwa za kijana wa dukani. Mama mcha Mungu wa miaka sabini na zaidi akabahatisha kuwasha, angekutana na nini? Tunacheka, lakini ni jambo la kufikiri.

Muulize mzee, au waulize aliokua nao. Ujanani mwake alicheza muziki gani? Pengine ni Mbaraka Mwinshehe, pengine NUTA Jazz, pengine Marijani Rajab. Kanisani anapenda kwaya ipi? Kama ni Mwislamu, anapenda kaswida au mawaidha? Kama ni koko wa Kiarusha, je, zipo nyimbo za Kimaa anazozipenda? Weka thelathini au arobaini basi. Zikiwa nyingi mno, wimbo anaoupenda atautafuta kama sindano shambani.

Nyimbo zenyewe uzipate kwa haki. Vipo vibanda vingi vya kuingiza nyimbo kwenye kadi kwa malipo kidogo, na wengi wetu tumepita huko. Lakini tukumbuke kwamba Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Mwanamuziki naye ni mkulima wa aina yake. Wimbo ndio mahindi yake. Ukivuna shamba lake bila kumlipa, kesho hatalima. Nunua kwa wasanii na kwaya wenyewe inapowezekana. Kwaya nyingi huuza nyimbo zao zenyewe.

Jambo moja zaidi, nalo halina gharama. Weka sauti za watu wa nyumbani. Wajukuu walioko Dar es Salaam au Mwanza wamsalimie bibi: "Shikamoo bibi, mimi nimeingia darasa la tano." Warekodi kwa simu, wakutumie. Ila kumbuka kwamba simu nyingi hurekodi sauti kwa namna ambayo redio hizi haziisomi. Mwombe mwenye kompyuta aigeuze kuwa MP3 kwanza, kisha ujaribu kwenye redio yenyewe kabla hujasafiri.

KUMKABIDHI NI KUMFUNDISHA

Usikabidhi zawadi ukiwa mlangoni. Kaa naye. Weka alama kwenye kitufe cha wimbo unaofuata kwa rangi ya kucha, nyekundu. Na kwenye gurudumu la kuwashia, weka rangi nyingine. Mwonyeshe mara moja. Kisha weka mikono yako nyuma. Ndiyo, nyuma kabisa! Mwache awashe mwenyewe mara tatu, azime mara tatu, atoe kadi na kuirudisha. Akikosea usimnyang'anye. Walimu wetu wa kisomo hawakutushika kalamu kila siku. Walituacha tuandike herufi zilizopinda mpaka zikanyooka.

Kama anasoma, mwandikie karatasi kwa herufi kubwa: KUWASHA: ZUNGUSHA KULIA. WIMBO MWINGINE: KITUFE CHEKUNDU. KUCHAJI: JUMATANO NA JUMAMOSI. Siku hizo mbili ni za soko la Tengeru. Wewe chagua siku ambazo mzee wako hazisahau.

KUITUNZA

Betri hizi hazipendi joto kali. Usiache redio juani juu ya bati wala karibu na mafiga. Kama inachajiwa kwa sola, weka kioo cha sola juani, na redio yenyewe kivulini ikiwa waya unaruhusu. Betri ikivimba kama andazi, iondoe na usiitumie tena. Usiitoboe wala kuitupa motoni, maana inaweza kulipuka na kuumiza watoto. Rudisha kwa fundi.

Kwa vijana wa masikioni tuna neno pia. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Kama mtu aliye kando yako anausikia wimbo unaotoka kwenye waya zako, punguza. Sikio likiharibika kwa kelele halirudi.

MWISHO WA HABARI YA MAMA

Mwenzetu alichukua ile mashine nyembamba, akampa binti yake anayesoma sekondari. Binti akafurahi, kwa sababu kwake ndiyo ilikuwa mahali pake. Kisha akanunua redio nyeusi, ya kawaida tu, yenye gurudumu la kuzungusha na antena ndefu. Haikuwa na kioo cha rangi. Akaweka nyimbo thelathini na tano, na mwanzoni kabisa salamu za wajukuu wanne.

Mwezi uliofuata alifika kijijini bila kutoa taarifa. Akiwa bado nje kwenye kahawa, akasikia kwaya inaimba ndani, na mama anaifuatiza. Hakubisha hodi mpaka wimbo ulipokwisha.

Ndugu msomaji, zawadi si bei wala kung'aa. Kabla hujanunua, mfikirie mtu wako akiwa peke yake usiku, ataishikaje. Kama ataiwasha bila wewe, nunua. Kama hataweza, endelea kutafuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama hakumwambia mwanawe ukweli? Je, nyumbani kwenu mambo kama haya hutokea?

2. Katika kijiji chenu, stesheni zipi za FM zinasikika vizuri na zipi hazisikiki? Mnadhani ni kwa sababu gani?

3. Kadi ya GB 4 inaweza kubeba karibu nyimbo ngapi za dakika 5 kila moja? Pigeni hesabu.

4. Betri za redio na simu zilizokufa mnazitupa wapi? Mngeweza kufanya nini kilicho bora?

5. Tajeni zawadi nyingine ambazo watu wa mjini huleta kijijini, kisha hazitumiki. Kasoro ni ya nani?